Juu ya Uchaguzi wa Vitabu vya Watoto Shuleni

Miongoni mwa kazi ambazo mwalimu wa lugha hupewa bila ya kufundishwa namna ya kuzifanya, mojawapo ni kuchagua vitabu. Huambiwa kwamba fedha kidogo zimepatikana, na kwamba yampasa kutaja vitabu kumi au ishirini vya kuwekwa kabatini kwa ajili ya watoto wa darasa la nne na kuendelea. Aghalabu hutazama jalada, husoma jina la mwandishi, hufungua ukurasa wa mwisho apate kuona kama hadithi ina funzo jema, kisha huandika orodha yake. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba uchaguzi wa namna hii hautoshi, na kwamba sababu ya upungufu wake imo ndani ya lugha yenyewe. Kitabu cha mtoto hakina budi kupimwa kwanza kwa Kiswahili chake, na kipimo hicho lazima kitokane na tabia ya Kiswahili, wala si kuazimwa kwa lugha nyingine.

Jambo hili si dogo. Katika Tanzania, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, lakini mtoto apandapo sekondari hukuta masomo yake mengi yakifundishwa kwa Kiingereza. Basi miaka ya shule ya msingi ndiyo miaka ambayo mtoto huyu hupata maarifa yote kwa Kiswahili, na yule asiyeipata ladha ya kusoma katika miaka hiyo huenda asiipate tena. Kitabu kibaya hakimpotezei mtoto saa moja tu. Humfanya aamini kwamba kusoma ni adhabu ya shule, na imani hiyo akiondoka nayo darasani huwa vigumu kuing'oa baadaye.

Mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilitangaza kwamba vitabu 16 visitumike shuleni, na watu wengi wakaanza kuzungumza juu ya vitabu vya watoto ambao hapo kwanza hawakuwa na habari navyo. Kukataza kuna mahali pake, na mzazi ana haki ya kujua mwanawe asomacho. Hata hivyo kukataza si kuchagua. Orodha ya visivyofaa haimwambii mwalimu kipi kinafaa, kama vile kumwonya mpishi juu ya uyoga wenye sumu kusivyomfundisha kupika.

Tuanze na kipimo cha funzo, ambacho ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Kipimo hiki kina heshima yake, kwa kuwa jamii zetu zimewafunza watoto kwa hadithi tangu zamani. Lakini tukikitumia peke yake twajikuta katika shida. Sungura wa ngano zetu ni mwongo, mwizi, na mara nyingi hushinda. Abunuwasi huwacheza shere matajiri na kumhadaa sultani, wala hapati adhabu. Kama funzo ndilo mlango wa pekee wa kuingilia kabatini, hawa wawili, ambao wamewachekesha watoto wa Afrika Mashariki kwa vizazi vingi, wangebaki nje. Bibi aliyeanza kwa "paukwa" akaitikiwa "pakawa" hakuwa na mashaka juu yao. Alijua kwamba mtoto hufuata hadithi kwa sababu ataka kujua mnyonge atamwepukaje mwenye nguvu, na kwamba busara huingia kwa mlango huo. Kitabu kitangulizacho funzo na kuburuta hadithi nyuma yake, mtoto hukitambua upesi. Hujua kabla ya ukurasa wa tatu kwamba mtoto mtiifu atafaulu mtihani na mtoto mkaidi ataumwa na nyoka, na hana sababu ya kuufungua ukurasa wa nne.

Kipimo cha pili ni cha kuhesabu. Mafundisho ya kusoma yaliyotoka katika nchi za Kiingereza yamezoea kupanga vitabu kwa ngazi, na ngazi hizo hutegemea sana hesabu: sentensi ina maneno mangapi, neno lina silabi ngapi. Kwa Kiingereza hesabu hiyo ina maana, kwa kuwa maneno mengi ya nyumbani katika lugha ile ni mafupi, na tahajia yake ina mitego mingi hata neno refu likawa mzigo kwa mwanafunzi. Kiswahili hakina tabia hiyo. Irabu zake ni tano, silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na neno husomwa kama lilivyoandikwa. Neno "hawakumwambia" ni moja tu katika hesabu, lakini ndani yake mna viungo visivyopungua sita: ukanushi, watenda, wakati, mtendwa, mzizi na kiishio. Kiingereza kingetumia maneno matano kusema hayo hayo.

Tutazame sentensi mbili. Ya kwanza: "Mtoto yule mdogo alikwenda shuleni peke yake." Ina maneno saba, na mtoto wa darasa la pili aifahamu. Ya pili: "Aliyemnyang'anya hakumrudishia." Ina maneno mawili tu. Mwenye kupima kwa kuhesabu ataiweka hii katika kitabu cha wanaoanza, lakini msomaji mdogo hana budi kuuliza nani alinyang'anya, nani alinyang'anywa, nani hakurudishiwa, na majibu yote yamefichwa katika silabi ambazo hata mkazo wa sauti hauziangukii. Vivyo hivyo "kitabu nilichompa" ni fupi kuliko "kitabu ambacho nilimpa", ila kwa mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake, hiyo ndefu aghalabu huwa nyepesi, kwa kuwa kila jambo limesimama mahali pake.

Wepesi wa tahajia yetu una hatari yake pia. Mtoto akishazijua silabi aweza kutamka ukurasa mzima kwa sauti nzuri pasipo kufahamu habari iliyomo. Mwalimu husikia sauti isiyokwama akaridhika. Tangu mwaka 2015 mtaala wa Tanzania kwa madarasa ya kwanza na ya pili umekazia kusoma, kuandika na kuhesabu, na mkazo huo ni wa haki. Lakini katika Kiswahili, zaidi ya katika lugha nyingi, kutamka na kufahamu ni safari mbili, na ya kwanza huisha mapema. Kitabu cha darasa la nne chapaswa kuchaguliwa kwa ajili ya safari ya pili.

Sasa na tupime vitabu vichache vijulikanavyo, tuone kama maneno haya yana faida. Nimechagua vya zamani makusudi, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wanavifahamu na waweza kunisahihisha.

"Kusadikika" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ni kitabu kidogo. Mtu akitazama unene wake na urefu wa sentensi zake aweza kudhani kwamba chafaa kwa shule ya msingi. Karama anashtakiwa, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliosafiri kwa faida ya nchi na kurudi kutiwa gerezani. Uzito wa kitabu hiki haumo katika sentensi. Umo katika umbo lake, kwa sababu kila safari hufanana na iliyotangulia, na utamu wake ni wa yule ambaye tayari ajua serikali ni nini, sheria ni nini, na kwa nini mwenye madaraka huogopa habari za nchi nyingine. Mtoto wa miaka kumi na miwili atasoma safari mbili, ya tatu atachoka, naye hatakuwa na kosa. Mahali pa kitabu hiki ni sekondari, na kukitoa mapema ni kumnyima Shaaban Robert msomaji ambaye angempata baadaye.

"Adili na Nduguze", kilichofuata mwaka 1952, ni kinyume chake. Kisa chake chatokana na Alfu Lela Ulela, ila mbwa wa kisa cha asili wamegeuka manyani. Mtu mwema, liwali wa mji, huwapiga kila usiku manyani wawili. Kwa nini? Swali hilo moja hukivuta kitabu chote, na mtoto hulishika bila kusaidiwa. Ni kweli kwamba majina yatoa siri mapema, kwa kuwa asikiaye kuwa ndugu hawa ni Hasidi na Mwivu hatarajii mema kutoka kwao. Ni kweli pia kwamba mwandishi husimama mara kwa mara kutoa methali na mawaidha, na kwamba vitenzi kama "asemaye" na "iendayo", ambavyo mtoto hasikii barabarani, ni vingi. Lakini kiu ya kujua ina nguvu kuliko vizuizi hivi. Hukumu yangu ni kwamba chafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa sharti kwamba mwalimu asome sura za kwanza kwa sauti mbele ya darasa, mpaka masikio yazoee mwendo wa lugha.

"Kurwa na Doto" cha Muhammad Saleh Farsy, cha mwaka 1960, chaleta swali la tatu, nalo ni la msamiati. Ni habari za ndugu pacha katika kijiji cha Unguja, na mwandishi amekusudia kutuonyesha maisha ya mahali hapo. Mtoto wa Makunduchi atajiona nyumbani. Mtoto wa Bukoba au Njombe atakuta vitu, desturi na misemo asiyoijua. Je, hiyo ni sababu ya kumnyima? La. Neno geni halimdhuru msomaji ikiwa habari yenyewe yalifasiri. Kinachodhuru ni maneno mageni matatu au manne yaliyokaa pamoja katika sentensi moja, pasipo kitendo cha kuyaeleza. Mwenye kuchagua afungue kurasa tatu mbalimbali, ahesabu mara ngapi jambo hilo latokea, kisha aamue. Atazame vilevile sauti. Watoto wengi wa bara huchanganya "mahali" na "mahari", na sauti za "dh", "th" na "gh" ni ngeni kwa ndimi zao. Hilo si kosa la kitabu wala la mtoto, ila ni mzigo, na mzigo hupimwa kabla ya kutwikwa.

Tafsiri zina shida ya namna yake. "Mashimo ya Mfalme Sulemani", iliyotolewa mwaka 1929, ina mbio na hofu za kutosha kumkesheza mvulana yeyote. Hata hivyo Afrika iliyomo ni ile ionwayo na mwindaji mgeni, na mtoto akiachiwa peke yake atajifunza kumtazama babu yake kwa macho ya mtu mwingine. Kisomwe darasani penye mwalimu wa kuuliza maswali, kisiwekwe kabatini bila mlinzi. "Elisi katika Nchi ya Ajabu", ya mwaka 1940, ilimfanya Elisi kuwa msichana wa Kiafrika katika picha zake, na wazo hilo lilikuwa jema. Lakini kitabu cha asili kimejaa mchezo wa maneno ya Kiingereza na dhihaka juu ya mashairi ambayo watoto wa Kiingereza wa zamani zile waliyajua kwa moyo. Picha yaweza kubadilishwa nguo. Mchezo wa maneno huzaliwa upya katika lugha ya pili, au hufa njiani.

Kutokana na haya twaweza kumpa mwalimu maswali matatu. Kwanza, vitenzi vya kitabu vimebeba nini? Atafute ukurasa wenye vitenzi virefu, amwulize mtoto mmoja nani alimtenda nani, wala asiridhike na sauti nzuri. Pili, maneno mageni yafasiriwa na habari, au yamerundikwa? Tatu, akifunga kitabu katikati, mtoto atauliza nini? Asipouliza kitu, funzo lililo mwishoni halitamfikia, hata likiwa jema kiasi gani. Maswali haya hayahitaji fedha wala wataalamu kutoka mbali. Yahitaji nusu saa, kitabu kimoja, na watoto watatu au wanne wa darasa lile lile litakalokitumia.

Yako pia yatupasayo sisi wa vyuo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, ulionyesha kwamba waandishi na wachoraji wa hapa waweza kuwatungia watoto wetu vitabu, ikiwa kuna atakayenunua nakala na kuzipeleka shuleni. Kilichobaki ni elimu ya kuvipanga. Tumeandika mengi juu ya ngeli, juu ya viambishi vya urejeshi na juu ya mnyambuliko wa vitenzi, lakini ni machache tuliyoandika juu ya ni kiambishi kipi humkwamisha mtoto wa miaka tisa, na katika darasa gani hukoma kumkwamisha. Kazi hiyo ni ya wanaisimu, na haiwezi kufanywa kwa lugha nyingine kwa niaba yetu. Mpaka itakapofanywa, mwalimu ataendelea kutazama jalada na ukurasa wa mwisho, na watoto wataendelea kusoma kwa sauti nzuri maneno yasiyowaambia kitu.