«Cabaret»: Wimbo Mmoja Nje ya Klabu

Tamthilia ya nyimbo ina mapatano yake na hadhira: mhusika akizidiwa na furaha au huzuni, huacha kusema akaimba, wala hakuna anayestaajabu. Jukwaani mapatano hayo hayana taabu, kwa kuwa kila kitu pale ni cha kuigiza, hata kuta. Sinema, ionyeshayo barabara ya kweli na watu wa kweli, haiyavumilii kwa urahisi. Bob Fosse alipotengeneza filamu ya Cabaret, iliyotoka mwaka 1972, aliamua kuyavunja.

Mchezo wenyewe ulionyeshwa Broadway, New York, mwaka 1966, chini ya uongozi wa Harold Prince, muziki ukiwa wa John Kander na maneno ya nyimbo ya Fred Ebb. Asili yake ni hadithi za Christopher Isherwood juu ya Berlin ya siku za mwisho kabla ya Wanazi kutwaa madaraka. Humo watu huimba popote. Bibi Schneider, mwenye nyumba ya kupangisha, huletewa nanasi na Bwana Schultz, mwuza matunda Myahudi, nao wakaliimbia nanasi hilo kwa mahaba. Fosse aliziondoa nyimbo za namna hiyo. Katika filamu yake, mhusika anayeimba ni yule aliyelipwa kuimba, juu ya jukwaa la klabu.

Isipokuwa mara moja. Katika bustani ya bia, mchana wa jua, kijana mwenye sauti safi anaanza kuimba. Kamera inauonyesha uso wake, kisha inashuka hadi mkononi penye kitambaa cha swastika. Watu wanainuka na kuitikia. Mzee mmoja anabaki kitini. Mtazamaji amekwisha kuzoezwa kwamba nje ya klabu hakuna wimbo, na kwa hiyo wimbo huu unamwingia kama mwizi aliyevunja mlango. Jukwaani ulikuwa mmoja kati ya nyingi. Hapo Fosse amempita Prince.

Lakini amelipa, na bei si ndogo. Schultz hayumo tena, na Schneider amebaki kivuli. Nafasi yao wamepewa vijana wawili, Fritz na Natalia: Fritz, aliyekuwa ameuficha Uyahudi wake, anaukiri na kumwoa Natalia. Ni ushujaa. Mchezo wa 1966 ulisema jambo gumu zaidi. Schneider, mama asiyemchukia mtu, anavunja uchumba kwa kuhofia kunyang'anywa kibali cha kupangisha vyumba, kisha anauliza mwingine angefanya nini mahali pake. Umati wa bustanini hauulizi kitu, unasimama tu. Mtazamaji wa filamu hujihesabu kwa wepesi pamoja na yule mzee aliyekaa. Mtazamaji wa jukwaani hakupewa kiti hicho. Tena Boris Aronson, mpambaji wa jukwaa, alikuwa ametundika kioo kikubwa kilichoinamia ukumbi, watazamaji wakajiona wenyewe. Kioo cha mwisho wa filamu kimepindapinda, na walioonekana humo ni Wanazi wenye sare walioketi klabuni.

Filamu ilipata Oscar 8, zikiwemo za Fosse, Liza Minnelli na Joel Grey, aliyekuwa mshereheshaji tangu jukwaani. Ya Minnelli ni haki yake, ingawa Sally wa Isherwood ni mwimbaji hafifu, na ni vigumu kuamini kwamba sauti kama hii ingekosa kazi nje ya klabu ile.