Jinsi ya Kutambua Kipimo Bora cha Mwale

Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa bonde la Ziwa Rukwa, chini ya uwanda wa Ufipa, lina hazina kubwa ya heliamu. Gesi hiyo ndiyo inayopoza sumaku za LHC, pete ya kilomita 27 inayokimbiza chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Msomaji wa Sumbawanga, juu ya uwanda huo, basi ana haki ya kuuliza iwapo sumaku hizo zinaubana mwale wa chembe inavyopasa. Upana wa mwale hutokana na namba iitwayo beta, na sumaku moja tu ikizidi nguvu huivuruga beta ya pete nzima.

Kipimo bora cha beta, kwa maoni yangu, ni kile kinachokiegemea kidogo iwezekanavyo kifaa kinachopima. Mwale husukumwa uyumbe, na mamia ya vihisi husoma ulipo katika kila mzunguko. Anayekokotoa beta kwa ukubwa wa kuyumba hurithi kasoro ya kila kihisi: kinachozidisha kwa asilimia 5 huikuza beta kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa ukubwa huo huzidishwa kwa wenyewe. Anayetumia awamu, yaani hatua ambayo yumbo limefikia, hukwepa kasoro hiyo. Ila kagua vihisi alivyochagua. Vikitengana karibu nusu ya wimbi, kosa dogo la awamu huvimba mno. Wapo wanaosema kurudia vipimo kunatosha. Marudio hupunguza mtetemo wa bahati, lakini mizani ya mahindi inayozidisha kilo mbili itazizidisha hata gunia likipimwa mara mia.

Pingamizi zito zaidi ni mbinu ya LOCO, aliyoieleza James Safranek mwaka 1997: mwale husogezwa kwa sumaku ndogo moja baada ya nyingine, kisha kompyuta hutafuta makosa ya sumaku na ya vihisi kwa pamoja. Imezifikisha pete nyingi kwenye kosa la takriban asilimia 1, nami naiheshimu. Hata hivyo, penye visivyojulikana vingi, kosa la sumaku huweza kujificha ndani ya kasoro ya kihisi. Kwa hiyo dai ushahidi wa pili: nguvu ya sumaku moja ibadilishwe kidogo, kisha mabadiliko ya idadi ya mayumbo kwa mzunguko yapimwe. Ripoti inayotaja tofauti ya asilimia 2 kati ya njia mbili ipewe alama za juu kuliko inayojivunia nusu asilimia kwa njia moja.