Asilimia ya nini? Ulizo ambalo masomo yetu yanaruka

Ndugu wasomi, na ninyi wadogo wetu mulio bado kwenye masomo, kuna jambo moja ninataka tulichambue bila hasira. Kwa nini mtoto anayejua meza ya kuzidisha kwa kichwa anapotea mara tu hesabu inapokuja na maneno? Mpe 20 mara 400, anajibu mbio. Mwambie: "Muuzaji alinunua gunia la mchele faranga 40.000, anataka faida ya asilimia 20, atauza bei gani?" Hapo anaanza kuangalia dari.

Wengi wanasema mtoto huyo hajui kuhesabu. Mimi sikubali. Kuzidisha anajua. Kinachomshinda ni kusoma ile hadithi, na kusoma huko hatukumfundisha.

Tazameni namna maswali haya yanavyotungwa. Muuzaji ni yule yule kila mwaka, hana jina, hana soko. Maneno yanayotawala ni manne: bei ya kununua, bei ukiongeza gharama za njiani, bei ya kuuza, na faida. Herufi zake za Kifaransa, PA, PR, PV na B, aliyepita primaire kwetu anazikumbuka kama wimbo. Basi mtoto anazoea kuwinda neno. Akiona "faida" anajumlisha, akiona "hasara" anatoa. Akiona alama ya % anakimbilia "règle de trois", anagawanya kwa 100, anaweka kalamu chini.

Sasa turudi kwa lile gunia. Asilimia 20 ya nini? Kama ni ya bei ya kununua, gunia litauzwa 48.000. Kama ni ya bei ya kuuza, litauzwa 50.000, juu faida ya 10.000 ni moja kwa tano ya 50.000. Kuna majibu mawili, na kila moja lina mia yake. Swali likinyamaza juu ya mia hiyo, mtoto anayesimama kufikiri anapoteza wakati, na yule anayefuata mazoea bila kufikiri anapata pointi.

Kupotea huko hakukuanza Kongo. Karibu na mwaka 1980, watafiti wa Grenoble, kule Ufaransa, waliwapa watoto wa primaire swali hili: ndani ya mashua kuna kondoo 26 na mbuzi 10, kapiteni ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa jibu kwa kuchanganya zile namba zilizoandikwa. 26 na 10 ni 36, basi kapiteni ana miaka 36! Mwaka 1985 Stella Baruk aliandika kitabu kizima kuhusu umri wa kapiteni huyo. Hapa Kisangani mtoto angeweza angalau kuuliza: kapiteni wa balenyere ao kapiteni samaki? Na hilo lingekuwa ulizo la akili kuliko yale majibu 76. Watoto wale hawakuwa wajinga. Walizoea kwamba shuleni kila namba iliyoandikwa lazima itumike, na kila swali lazima lijibiwe.

Mwaka ule ule wa 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walitoa utafiti kutoka Recife, Brazili. Walifuata watoto watano, wa miaka 9 mpaka 15, waliokuwa wakiuza vitu sokoni na barabarani. Sokoni watoto walipata karibu asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Baadaye waliketishwa na karatasi na kalamu, wakapewa namba za aina ile ile. Hesabu zilizovaa hadithi walipata karibu asilimia 74. Hesabu tupu, namba bila hadithi, karibu asilimia 37 tu. Mmoja wao, mwenye miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10, moja ikiwa 35. Hakuongeza sifuri. Alihesabu nazi tatu tatu: 105, kisha 210, kisha 315, akamalizia na moja, 350.

Utafiti ule ulikuwa wa watoto wachache, ni kweli. Lakini unatuambia kwamba hadithi inamsaidia mtoto, sharti iwe ya kweli kwake. Kwa hiyo sisemi tufute maswali ya maneno. Ninasema tuyape maneno yenye uzima.

Na kwetu hadithi hazikosekani. Chukua matabishi. Mama wa maharagi anakupimia vikombe 10, halafu anakuongezea kimoja. Amekupunguzia asilimia ngapi? Wengi wetu, na diplome mkononi, tutasema 10. Fikiri kidogo. Vikombe umepata 11, umelipa 10. Kilichopunguzwa ni kimoja juu ya 11, karibu asilimia 9. Ila mama akisema "nilikuongezea kumi kwa mia", naye hakudanganya, juu yeye anahesabu kutoka vile 10 ulivyolipa. Kikombe ni kile kile, mia ndiyo imebadilika. Swali kama hili lingefundisha darasa zima kuliko wauzaji kumi wasio na jina.

Kwetu sisi wa agronomia jambo hili si mchezo wa darasani. Tuseme wakulima wa Barumbu wameunganisha mpunga wao, kilo 1.000, bado mbichi, na maji asilimia 24. Ili usioze ndani ya depo, wanauanika mpaka asilimia 14. Utabaki kilo ngapi? Anayewinda namba atatoa 14 katika 24, atapata 10, atasema: tumepoteza asilimia 10, zitabaki kilo 900. Siku ya kupima, mzani unaonyesha kilo 884. Kilo 16 ziko wapi? Macho yote yanageukia mlinzi wa depo.

Hakuna aliyeiba. Kwenye zile kilo 1.000, maji yalikuwa kilo 240 na mpunga wenyewe, bila maji, kilo 760. Jua linakausha maji tu, zile 760 hazitikisiki. Mwisho wa kuanika, 760 hizo ndizo asilimia 86 ya uzito mpya. Gawanya 760 kwa 86, zidisha kwa 100, unapata karibu 884. Ile asilimia 24 ilihesabiwa juu ya kilo 1.000, ile 14 inahesabiwa juu ya uzito mwingine kabisa. Huwezi kutoa moja ndani ya nyingine kama vile mihogo ya kifungu kimoja. Mtu anaweza kuitwa mwizi, kikundi kikavunjika, na chanzo ni ulizo moja ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kuna wanaosema shida yote ni Kifaransa. Wana haki nusu. Mtoto anayezungumza Kiswahili na Lingala nyumbani, akikutana na swali refu la Kifaransa, anapigana na maadui wawili kwa wakati mmoja. Lakini ukimtafsiria swali la gunia na ukaacha "asilimia 20" bila kusema ya nini, umemhamishia giza lile lile kwenye Kiswahili.

Walimu nao nisiwaonee. Toka masomo ya primaire yalipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kusoma njia aliyopita kila mmoja. Anasoma jibu la mwisho. Na mtihani wa taifa wenye majibu ya kuchagua unaongeza uzito huo huo, juu alama inawekwa kwenye jibu, njia haionekani. "Règle de trois" yenyewe si adui. Ilipofundishwa kwa kupitia kwa moja (vitu vitano ni bei hii, kimoja ni bei gani, nane ni bei gani?) ilikuwa njia safi ya kufikiri. Tuliiharibu siku tulipoifanya msalaba wa namba tatu usio na maana.

Wengi kati yetu tunafundisha wadogo jioni, kwa malipo ao kwa upendo. Basi tufanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya mtoto kugusa namba, aandike kwa lugha yake: "mia hapa ni nini?" Asipojua, asihesabu kwanza. Pili, atunge mwenyewe maswali kutoka sokoni, toka toleka na bei zake mpaka bidoni ya mawese. Mtoto aliyetunga swali anajua namba ipi inafanya kazi na ipi iko pale tu. Tatu, mara moja moja tumpe swali lisilo na jibu, na tumsifu akisema: "Mwalimu, hii haiwezekani."

Na sisi wenye licence tujipime pia. Tuseme bei ya gunia ilipanda asilimia 25, kisha serikali ikatangaza imeshuka asilimia 20. Kabla ya kulalamika kwamba tumeibiwa asilimia 5, tuchukue kalamu: 40.000 ikapanda mpaka 50.000, na moja kwa tano ya 50.000 ni 10.000. Bei imerudi pale pale ilipokuwa.