Hadithi za mizuka si za kutisha tu, ni kilio cha mtoto anayetafuta kwao

IJUMAA moja majuzi nilishuka matatu pale Lubao, kwenye barabara kuu itokayo Kakamega kuelekea Webuye. Ilikuwa siku ya soko la mbwa. Wasiopajua Lubao hudhani ni mzaha, lakini watu huja pale na mbwa waliofungwa kamba, na bei hupiganiwa kama ya ng'ombe. Nilisimama kando nikisikiliza kubweka, nikamkumbuka binamu yangu na hadithi yake ya mwanamke wa stejini.

Binamu huyo aliletwa kijijini kutoka Nairobi mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya kifo cha mamake, shangazi yangu. Alikuwa na umri wa miaka minane. Hakuna aliyemwambia mamake alikufa kwa maradhi gani. Zama zile ugonjwa ule ulinong'onwa tu. Serikali ilipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, boma nyingi za Magharibi zilikuwa zimeshabaki za nyanya na wajukuu.

Kiluhya hakukijua, na Kiswahili chake cha Nairobi kilituchekesha. Tena kwa desturi zetu, mtoto wa binti ni wa kwa babake. Kwa kina mamake yeye ni mpwa, mgeni wa heshima, lakini mgeni vilevile. Na babake hatukujua yuko wapi. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Hawakusema lolote kuhusu mtoto asiyejua kwao ni wapi.

Basi kila jioni, tukiota moto jikoni, alitusimulia kuhusu mwanamke anayesimama stejini Lubao usiku wa manane, mkoba mkononi. Matatu husimama, kondakta humwita, yeye hapandi. Ati anamngojea mtu. Watu hawamwoni, ila mbwa humwona, na ndiyo maana hubweka. Sisi nasi tulishasikia kwa wakubwa kwamba ukijipaka matongo ya mbwa machoni utaona mizuka. Tulipomwambia hivyo, jamaa akaanza kuwafuata mbwa wa watu, akitaka kuwafuta macho. Tulidhani ni utundu. Mbwa mmoja nusura amng'ate.

Nyanya yetu, kukhu, ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Amevaa nini?"

"Sweta ya kijani," mtoto akajibu.

Kukhu alinyamaza, akasukuma kuni mekoni. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba shangazi alivaa sweta ya kijani siku aliyopelekwa hospitali.

Nimesimulia kisa hiki kwa sababu nadhani swali la kukhu lina uhakiki kuliko mengi tuyaandikayo sisi wasomi. Uhakiki wetu una mazoea yake. Mzuka ukitokea katika riwaya, tunauliza: je, hii ni fantasia au ni uhalisiamazingaombwe? Tukishabandika jina, tunafunga daftari. Ni nadra kuuliza mzuka huo ni wa nani, unamtafuta nani, na kwa nini umekuja sasa.

Hebu tuanze na lugha yenyewe. Neno mzimu linashiriki mzizi na kuzimu, wazimu na zimwi. Katika mzizi huo mmoja Kiswahili kimeweka wafu, makao yao, akili iliyovurugika na dubwana la ngano. Wasemaji wa kale walikwisha kuona kwamba msiba, kichaa na hadithi ya kutisha ni majirani. Kisha kuna methali tunayoikariri bila kuitafakari: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tazama neno likujualo. Kinachopunguza ukali wa zimwi ni kwamba linakujua. Kwa mtoto aliyetupwa katika kijiji ambamo hakuna anayemjua, zimwi linalomjua ni afadhali kuliko binadamu wasiomjua.

Fasihi yetu imelishughulikiaje jambo hili? Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anatupeleka kwenye mzimu kwa maana ya pahali patakatifu pa wahenga, ambapo mauaji yametokea. Bwana Msa, mpelelezi na kiko chake, anayafumbua kwa mantiki. Funzo lake ni kwamba nyuma ya kitisho cha mzimu kuna binadamu mwenye siri. Naliafiki. Ila Bwana Msa anatafuta siri ya mkosaji. Mtoto wa Lubao alibeba siri ya watu wazima wasio na hatia, waliokuwa na aibu na hofu tu.

Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), anasogea karibu zaidi. Babu anarudi kutoka kwa wafu kumwandama K, mjukuu aliyeshiba madaraka na kuwasahau watu wake. Wahakiki wengi husoma riwaya hiyo kama kejeli ya siasa za baada ya uhuru, na hawajakosea. Lakini mbele ya babu, yule mkubwa anageuka tena mtoto wa mtu, anayedaiwa jibu la swali la kwao. Lawama yangu ni moja: mzuka huyu ana mengi ya kumfunza K kuhusu nchi, na machache ya kumuuliza kuhusu K mwenyewe.

Ken Walibora, aliyelelewa Trans Nzoia, si mbali na Kakamega, hakuhitaji mzuka wowote katika Siku Njema (1996). Kongowea, aliyezaliwa nje ya ndoa, anafiwa na mamake, mwimbaji wa Tanga, kisha anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba. Hata hivyo mama haondoki katika hadithi, na kila hatua ya mwana ina kivuli chake. Nathubutu kuiita hadithi ya mzuka iliyofichwa ndani ya hadithi ya safari.

Ng'ambo nako, Toni Morrison katika Beloved (1987) alimrudisha mtoto aliyeuawa na mamake mwenyewe ili asirudishwe utumwani. Mzuka huyo anakuja kudai mapenzi na mahali pa kukaa.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema hadithi hizi hupandikiza woga na ushirikina, na kwamba imani za uchawi zimewaua wazee wetu wengi. Hofu hiyo si ya bure. Lakini tutofautishe mambo. Imani ya uchawi hutafuta wa kulaumiwa. Hadithi ya mtoto huyu ilimtafuta aliyepotea. Ukiziweka katika kapu moja utamziba mtoto mdomo, na kiwewe kisichosemwa hakipungui kwa kunyamaziwa. Binamu yangu aliwahi kuiandika hadithi ile kama insha. Mwalimu mmoja, ambaye simtaji, aliandika kwa wino mwekundu "UONGO", kisha akamchapa. Tangu siku hiyo hakuandika tena.

Kukhu alifanya kinyume. Zamani kwetu, mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee walitaja majina ya marehemu wa ukoo moja moja. Jina lililomnyamazisha ndilo lililokuwa lake. Yaani marehemu ndiye aliyemkubali mtoto. Wiki chache baada ya lile swali la sweta, kukhu alimwita mjukuu wake mbele yetu sote, akampa jina la kakake aliyefariki, jina la pale nyumbani. Kisha akamwambia, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, mamake aliugua nini. Mwanamke wa stejini hakutoweka usiku ule. Aliendelea kuja katika hadithi kwa muda, ila sasa alikuwa na jina, nasi tulimwita shangazi.

Mzazi au mwalimu unayesoma haya, mtoto akikuletea mzuka usikimbilie kumwambia mizuka haipo. Hilo huenda analijua. Muulize amevaa nini, amesimama wapi, anamngojea nani. Nasi wahakiki, tukikutana na mzuka kitabuni, tuanze na maswali hayohayo kabla ya kubandika jina la nadharia.

Muuza mbwa mmoja aliniona nimesimama muda mrefu, akaniuliza kama nanunua. Nikamwambia hapana, nawasikiliza tu.