Nipatie Muziki Nisioujua

Mtu anayejulikana mtaani kuwa ana kanda na santuri nyingi huulizwa maswali mengi mepesi. Wimbo huu uliimbwa na nani, bendi ile ilivunjika lini, fulani alihamia kundi gani. Swali gumu ni moja tu: "Nipatie muziki nisioujua." Mwenye kuuliza hana jina la kulitaja wala sauti ya kuiimba. Lau angeweza kukieleza anachokitaka, asingekuwa na haja ya kuuliza.

Mimi nililetewa swali hilo na mpwa wangu, hapa Mabawa. Kijana huyu riziki yake inatoka katika kinanda cha umeme anachokipiga harusini. "Mjomba," aliniambia, "vidole vyangu vinakwenda vyenyewe. Nikianza tu, nimekwisha jua nitakapoishia." Si mvivu, nami namjua. Lakini mashoga wa bibi harusi wanataka nyimbo zilezile kumi, na mdundo umo ndani ya kinanda tayari, kazi ni kubonyeza. Hata miaka thelathini hajaitimiza, na anapiga muziki kama karani anavyogonga muhuri. Na kwa kuwa kila mwenye kinanda anapiga vivyo hivyo, anayeitwa harusini ni yule mwenye bei ya chini. Basi msomaji asidhani kuwa nazungumzia anasa ya watu wenye nafasi. Nazungumzia mkate wa mtu.

Yapo majibu mawili ya haraka, na yote mawili siyapendi.

La kwanza ni kumtajia mtu aina: sikiliza jazi, sikiliza rege, sikiliza salsa. Aina ni kibao cha mlangoni. Hakisemi kilichomo ndani. Tazama neno jazi lenyewe. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz; Morogoro, Tabora na Dar es Salaam nazo zilikuwa na jazi zao. Wote hao walikuwa wapigaji wa dansi, wenye magita na saksafoni, na jazi ya Wamarekani weusi ilikuwa mbali nao. Mtu aliyeipenda Atomic akatoka kwenda kuitafuta jazi kwa kulifuata jina, atafika mahali pasipo hata jirani mmoja wa Atomic, naye atarudi akisema muziki wa kigeni haumfai. Aliyempoteza ni mwandishi wa kibao.

La pili ni simu. Ukiisikiliza Jahazi kwenye YouTube, utaletewa Jahazi nyingine, kisha ndugu yake Jahazi, kisha mkwewe. Mashine ile inakumbuka ulichokipenda jana, ila haina habari ya ulichokwisha kukichoka. Wenye vibanda vya kurekodi kanda walikuwa na kasoro zao, na kanda zao nyingi zilikwama baada ya wiki mbili. Lakini nyimbo ulizoziagiza zilipokwisha na utepe ukabaki, mwenye kibanda hakuuacha mtupu. Aliujaza kwa lolote lililokuwa karibu na mkono wake, au lolote alilolipenda yeye. Baadhi ya nyimbo nilizokaa nazo muda mrefu zaidi zilinifikia hivyo, katika zile dakika nne tano za mwisho ambazo sikuziomba.

Njia ninayoifuata mimi ni kushika chombo kimoja, au mkono mmoja, na kuufuata popote unapokwenda, bila kujali umevuka mpaka wa aina gani. Sikuibuni. Ndivyo ulivyoundwa muziki wa mji huu.

Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893, na mwaka huohuo Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea Usambara. Mashamba yakataka watu, na watu wakaja kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Warundi. Jamhuri Jazz ilianza katika miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo pekee linatosha kukuonyesha nani waliokuwa wakicheza dansi Tanga. Wakati huo santuri za Kuba zilikuwa zimekwisha enea katika miji ya Afrika. Zilikuwa na herufi GV, na kampuni ya HMV ilikuwa ikizitoa tangu mwaka 1933. Wapigaji wetu hawakujua Kihispania. Walichokisikia ni gita, besi na vile vijiti viwili vinavyogongana mara tano, tatu upande huu na mbili upande ule, nao wakavichukua.

Mpaka hapo hadithi ya Tanga ni hadithi ya miji mingi. Kilichoipambanua ni taarabu yake. Unguja walikuwa na kundi kubwa, wenye fidla, udi, ganuni na nai, wamekaa safu kwa safu kama wa Kairo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 Black Star Musical Club ya Tanga, na baadaye Lucky Star, wakafanya kundi dogo, wakaingiza gita la umeme na besi, wakafupisha utangulizi, na mwimbaji akaingia mapema. Wapo waliosema kuwa hiyo si taarabu. Mombasa haikungoja fatwa, iliichukua.

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa santuri ya Black Star na Lucky Star kwa jina la Nyota. Hiyo ndiyo niliyompa mpwa wangu kwanza, kwa sharti moja: asimsikilize mwimbaji. Ni sharti zito, kwani katika makundi hayo aliimba Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, na sauti yake haikuachii nafasi ya kutazama kando. Haimbi kwa kubembeleza. Anayasema maneno ya mapenzi kama mtu anayetoa ushahidi, amekaza sauti puani kidogo, na pale ambapo mwimbaji mwingine angetetemesha sauti ili umhurumie, yeye hupita moja kwa moja. Lakini sharti lilikuwa kusikiliza besi. Besi ya Tanga haikuwekwa pale kuujaza wimbo chini. Inasema neno, inanyamaza, inasema nusu ya neno, na katika ule unyamavu dumbaki na miguu ya wasikilizaji hupata pa kukaa. Kinanda cha siku hizi kina besi isiyonyamaza kamwe. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye ugonjwa wa taarabu ya sasa. Watu hulalamikia mipasho, na mimi sioni neno katika mipasho, kwani kusemana kwa nyimbo hakukuanza jana. Kilichopotea ni kimya. Mashine moja inapiga besi, ngoma na fidla kwa pamoja, na kwa kuwa haichoki, haimpumzishi mtu.

Ukiishika besi hiyo, itakutoa katika taarabu bila wewe kujua. Wilson na George Kinyonga walikuwa vijana wa Tanga, waliopitia Jamhuri Jazz, wakaunda Arusha Jazz, kisha wakavuka kwenda Mombasa, na mwaka 1971 wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga wakaunda Les Wanyika. Wakenya wanaiita Sina Makosa wimbo wao, nao wana haki. Lakini msikilize Tom Malanga katika besi na Omari Shabani katika gita la rithimu, na baada ya wiki moja ya Black Star utasikia ujamaa usiohitaji kuelezwa. Gita la rithimu halibadiliki kwa dakika nyingi, na ndani ya kutobadilika huko besi inatembea inavyopenda. Kutoka hapo, kwenda kwa Trio Matamoros na Sexteto Habanero wa Kuba si safari tena. Msikilizaji anafika akiwa na kitu cha kushika mkononi, ilhali yule aliyeambiwa tu "sikiliza muziki wa Kuba" anafika mikono mitupu.

Njia ya pili ni ya fidla na ganuni. Itakupeleka Kairo kwa Umm Kulthum, ambaye wimbo wake mmoja unaweza kukuchukua saa nzima, na itakupeleka Bombay, ambako Siti binti Saad alikwenda mwaka 1928 kurekodi santuri. Njia hii naipita haraka, kwani wazee wa pwani wanaijua kuliko mimi, na mpwa wangu aliisinzilia.

Ya tatu ni ya kinanda chenyewe, na hapa tuligombana kidogo. Mchiriku wa Dar es Salaam ulipigwa kwa vinanda vidogo vya Casio, karibu vya kuchezea watoto, vilivyopitishwa katika vipaza sauti vibovu mpaka sauti ikakwaruza kama bati. Jagwa Music walianza kuupiga mwaka 1992, na mwaka 2012 kampuni ya Crammed ya Ubelgiji ikatoa santuri yao, Bongo Hotheads. Mpwa wangu aliona aibu. Ati kinanda chake kina sauti mia kadhaa safi, na mimi namletea kinanda cha kitoto. Nikamwomba ahesabu Jagwa wanatumia sauti ngapi. Wanatumia karibu moja, na hiyo moja wanaikunja, wanaikatakata, wanaigombanisha na ngoma, hata huwezi kusema wimbo utaelekea wapi. Mwenye sauti mia anajua atakapoishia, na mwenye moja hajui. Hakukubali siku ile.

Kutoka mchiriku nilimpeleka kwenye singeli, nayo ni mtoto wa vitongoji hivyohivyo vya Dar es Salaam. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso katika Sounds of Sisso, na Ulaya ikashtuka. Mapigo yake yanapita mia mbili kwa dakika. Nitasema kweli: siipendi yote. Nyingine ni mbio tupu, na mbio zikiwa sawa mwanzo hadi mwisho nazo zinakuwa usingizi wa aina yake. Lakini zilizo bora zimekata vipande vya nyimbo za zamani, taarabu ikiwamo, zikavizungusha kwa kasi mpaka vikawa ngoma. Hao vijana wamewasikiliza wazee kwa makini kuliko wapiga vinanda wa harusini wanaodai kuwarithi. Hapa mpwa wangu alinishinda. Aliisikia mara moja, akaanza kunionyesha mimi ni kipande gani kimetoka wapi.

Jambo moja linaniudhi katika safari hizi zote. Hesabu nilikozitoa santuri nilizotaja: London, Ubelgiji, Kampala. Ongeza na mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, ambao toleo lake la kumi ni la taarabu ya Mombasa na Tanga ya miaka ya 1970 hadi 1990. Siwalaumu waliozitoa; bila wao tungekuwa na masimulizi tu. Nawalaumu kwa kitu kimoja: kupenda mno zile "zama za dhahabu", kana kwamba watu wa pwani walipiga muziki hadi mwaka fulani wakaacha. Kubwa zaidi ni kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi za nchi nzima kwa miaka mingi, na maelfu ya kanda hizo yakarithiwa na TBC. Humo Tanga imo, Morogoro imo, Tabora imo. Kijana wa Mabawa anayetaka kujua besi ilipigwaje mtaa wa pili na kwake anaipata kwa urahisi zaidi kupitia Paris kuliko kupitia Barabara ya Pugu. Anayeuliza muziki asioujua, mara nyingi anauliza muziki wa babu yake.

Tena upo muziki ambao hakuna aliyenitajia, kwa sababu watu hawauiti muziki. Ikifika Mfungo Sita, maulidi yanasomwa na zefe zinapita, vijana wa madrasa wanapiga dufu. Hawana besi wala kinanda. Mstari wa wapigaji unainama pamoja na kuinuka pamoja, na dufu moja au mbili zinakataa kwenda na wenzao: zinaingia katikati ya mapigo, kidogo mapema au kidogo baadaye, na hazikosei. Wengi wetu tulizipiga tukiwa wadogo, na kwa kuwa ilikuwa ibada hatukuzitia katika hesabu. Mwenye masikio yaliyochoka na akae upande wa zile dufu mbili, aache kutazama mikono, na ahesabu kwa goti.