Maktaba ya Babeli: vitabu visivyo na msemaji

Jorge Luis Borges, mtungaji wa Argentina (1899-1986), alitoa mwaka wa 1941 hadithi fupi kwa Kispanyola juu ya Maktaba ya Babeli. Inafaa wafratri wa filosofia waisome, lakini waipime.

Msimulizi ni mzee mlinzi wa vitabu. Ulimwengu wake mzima ni vyumba vya pembe sita, vyote sawasawa, vimejaa vitabu. Kila kitabu kina kurasa 410, kila ukurasa mistari 40, kila mstari alama 80 hivi. Alama zenyewe ni 25 tu, nazo zimechanganywa kwa kila namna inayowezekana. Basi kila neno la kweli limo, na kila uwongo umo vilevile. Lakini sehemu kubwa mno ni herufi zisizo na maana. Watu wanazunguka maisha yao yote wakitafuta kitabu kimoja kinachoeleza vingine. Wako walioshikwa na wazimu, wako waliojiua.

Hapo Borges ametusaidia. Anayefikiri kwamba wingi wa vitabu ndio elimu, humo anapewa vitabu vyote, na bado hajui kitu.

Lakini je, maktaba ile haina mwisho kweli? Tuhesabu. Kitabu kimoja kina nafasi 1.312.000, na kwa kila nafasi kuna alama 25 za kuchagua. Hesabu ya vitabu vyote, ukitaka kuiandika, ina tarakimu zaidi ya 1.800.000. Inatisha, lakini ina mwisho. Borges alijua hayo; ndiyo sababu mzee wake anatumaini kwamba vitabu vilevile vinarudi tena na tena pasipo kikomo. Tumaini hilo ni maskini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba Mungu hana mwisho kwa vile kuwa kwake hakupokewi wala kupimwa na kitu kingine. Wingi na marudio havifiki huko.

Tena, Evanjili imo katika maktaba ile, pamoja na evanjili nyingi za uwongo. Lakini hakuna aliyezisema. Herufi zilizokutana ovyo si neno, maana neno lina mwenye kulisema. Mzee yule hakosi kitabu, anakosa shahidi. Katekista wa kijijini mwenye kitabu kimoja, anayejua ni nani aliyemtuma, amemzidi.

Ndugu wasomaji, akili yetu ina mpaka: tumshukuru Borges kwa kutuonyesha. Lakini aliyeuweka mpaka huo anaweza kuuvuka na kuja kwetu. Jambo hilo mzee hakuliwaza hata mara moja.