Mkono wa Kushoto wa Mpiga Besi

Ukumbini watu humtazama mwimbaji. Wachache wenye masikio humtazama mpiga solo. Mpiga besi hutazamwa na mpiga drams peke yake, kwa kuwa hao wawili wasipoelewana hakuna atakayeinuka kitini. Husimama nyuma kidogo, gitaa lake lina shingo ndefu kuliko mengine, na uso wake mara nyingi ni wa mtu anayesubiri basi. Watangazaji wetu wa redio wamezoea kuliita gitaa zito, na uzito upo kweli, begani na masikioni. Lakini anayetaka kuujua ufundi wenyewe autazame mkono wa kushoto. Humo mna jambo ambalo mwanafunzi huchelewa kuambiwa: kazi kubwa ya mpiga besi ni kuamua noti ikome lini.

Kuianzisha noti ni rahisi, na urahisi huo una tarehe yake. Kabla ya mwaka 1951 besi ya bendi ilikuwa lile dude kubwa la mbao linalosimama wima, ambalo bado unaliona katika vikundi vya taarab Zanzibar. Halina freti. Kidole kikikosea kwa upana wa ukucha, sauti inapinda, na kulizoea huchukua miaka. Mwaka huo Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la umeme, la kuvaa begani, lenye freti shingoni, akaliita Precision. Nyuzi ni nne, E, A, D na G, sawa na nyuzi nne nene za gitaa la kawaida ila chini kwa oktava moja. Ule mnene kuliko wote hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Bonyeza nyuma ya freti, chuna, noti imetoka sawa. Mtu mwenye sikio la kawaida anaweza kuufuata wimbo wa chodi tatu ndani ya wiki chache, na wengi huishia hapo wakijiita wapiga besi.

Sasa tazama noti moja kwa karibu. Dole gumba la mkono wa kulia limetulia juu ya pikapu. Kidole cha shahada na cha kati vinapokezana kama miguu inavyopokezana njiani, na kila kimoja kikishachuna uzi hutua kwenye uzi unaofuata, kikapumzika hapo. Mkono wa kushoto unabonyeza karibu kabisa na freti, nyuma yake na si juu yake, kwa nguvu ndogo kuliko unavyodhani. Uzi unatikisika. Muda wake ukiisha, kidole hakiruki, kinalegea tu. Uzi unainuka kutoka kwenye freti lakini unabaki umegusana na nyama ya kidole, na hapo hapo unanyamaza. Kidole kikiachia kabisa, uzi mtupu utalia sauti ambayo hukuiomba.

Na hapo umeshughulika na uzi mmoja. Zile tatu nyingine hazijalala. Ukiipiga A kwenye freti ya tano ya uzi wa E, uzi wa A ulio jirani utaanza kutikisika wenyewe bila kuguswa, kwa sababu sauti ni ileile. Usipouzuia, kila noti itakuwa na kivuli chake, na vivuli vikirundikana besi nzima inakuwa uji. Kwa hiyo vidole visivyopiga vina kazi ya kuulaza uzi huu na ule, kwa mguso mwepesi, wimbo mzima. Mtazamaji anaona mkono uliotulia, na utulivu huo umetengenezwa.

Zoezi linaloufundisha mkono huu linachosha kulitazama. Weka metronomu kwenye 60. Piga noti moja, ihesabie nne, ikate pale pale ya nne inapogonga. Kisha ikate kwenye ya tatu, kisha ya pili. Usibadilishe noti. Ukiona umeweza, ihesabu milio ya metronomu kuwa ni pigo la pili na la nne tu, yale mengine uyabebe mwenyewe kichwani. Wanafunzi wengi huhama hapa mapema na kukimbilia skeli. Skeli hazikimbii. Mwenye kuweza kuikata noti kwenye pigo la tatu bila kuwahi wala kuchelewa ameshafika mbali kuliko mwenye kupanda na kushuka shingo nzima kwa mbwembwe.

Asiyeamini aurudie wimbo ambao amekwisha kuusikia mara nyingi: "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Kundi hilo lilizaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika: Omar Shabani na gitaa lake la ridhimu, Rashid Juma kwenye drams, Tom Malanga kwenye besi, kisha akaungana nao John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa kutoka Tanzania. Wengi tunaimba maneno na kuisahau besi, ilhali besi ndiyo iliyotushika kiuno. Isikilize peke yake. Malanga anasema maneno machache, ananyamaza, na katika ule unyamavu ndimo ridhimu ya Shabani inapopata pa kuchezea. Angeziacha noti zake zidumu, gitaa lile jembamba lingezama. Wimbo mzima una hewa, na hewa hiyo imepimwa na mtu. Benga ya upande wa Ziwa ina tabia nyingine, besi yake inakimbia na kubishana na solo, lakini hata huko ukisikiliza vizuri utakuta noti fupi, kavu, zilizokatwa. Kasi haiwezekani na noti ndefu.

Aliyelipeleka jambo hili mbali kuliko wote, kwa hukumu yangu na ya wapiga besi wengi wa dunia, ni James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 kisiwani Edisto, South Carolina, akahamia Detroit mwaka 1954, na huko shuleni ndiko alikojifunza ile besi kubwa ya kusimama. Alipohamia kwenye Precision alikwenda na mazoea ya besi kubwa: alichuna kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Gitaa lake la mwaka 1962 lilikuwa na nyuzi nene zilizofungwa kwa waya bapa, na alikuwa habadilishi uzi mpaka ukatike. Chini ya kifuniko cha daraja kulikuwa na kipande cha sifongo kinachogusa nyuzi. Mwanafunzi wa leo, anayenunua nyuzi mpya ili gitaa ling'ae, angeliona gitaa hilo limekufa. Na nusu yake lilikuwa limekufa kweli: nyuzi zilizochoka na sifongo vilizifanya noti zife upesi, kila moja ikiwa ya duara na fupi. Ndiyo maana Jamerson aliweza kuweka noti nyingi mahali ambapo mwingine angeweka nne, akaruka kati ya mapigo, akagusa noti kavu zisizo na sauti kamili, na bado mwimbaji akasikika wazi juu yake. Wingi wake ulitegemea ufupi wake.

Mahali alipofanyia kazi hiyo pana faida kwa msomaji mwenye chumba na kompyuta. Berry Gordy, mwenye kampuni ya rekodi ya Motown, mwaka 1959 alinunua nyumba ya kawaida katika West Grand Boulevard, Detroit, iliyokuwa na studio ya mpiga picha kwa nyuma. Hapo nyuma ndipo akatengeneza chumba cha kurekodia. Wanamuziki walikiita Shimo la Nyoka, kwa ufinyu na nyaya zake. Besi ya Jamerson haikurekodiwa kwa maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika. Waya ulikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia. Nyimbo zilizotoka humo zilishika dunia, ingawa majina ya wapigaji hayakuandikwa kwenye majalada mpaka albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, "What's Going On". Jamerson alifariki mwaka 1983. Heshima ya Rock and Roll Hall of Fame ilimfikia mwaka 2000, akiwa kaburini miaka kumi na saba.

Waya wa moja kwa moja ndiyo njia inayotufaa nyumbani, na sababu yake ni ya kifizikia. Wimbi la sauti ya uzi mtupu wa E lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba cha mita tatu kwa nne hakiwezi kulimeza: kwenye kona linarundikana, katikati ya chumba linapungua, na ukisogeza kiti kidogo unasikia besi nyingine. Maikrofoni nayo itasikia uongo huohuo. Ukichomeka gitaa kwenye kile kisanduku ambacho maprodyuza wanakiita saundi kadi, chumba kinatoka kwenye hesabu. Na pamoja nacho vinatoka feni, bodaboda, mvua kwenye bati na jogoo wa jirani. Mwimbaji anayerekodi nyumbani hutafuta saa nane za usiku. Mpiga besi hurekodi saa sita mchana, watoto wanacheza mlangoni.

Vifaa ni vichache. Saundi kadi yenye tundu la gitaa, kwa kuwa pikapu za kawaida zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, na ukichomeka mahali pa maikrofoni au pa kinanda sauti inafifia juu na kuwa butu. Programu ipo ya bure, Audacity, na ipo Reaper ambayo unaruhusiwa kuijaribu siku 60 ikiwa kamili. Rekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, na vilele vya sauti viishie kwenye desibeli 12 hivi chini ya sifuri. Enzi za kujaza utepe mpaka ukingoni zimepita. Bafa iwe sampuli 128 au karibu na hapo, ambayo ni ucheleweshaji wa chini kidogo ya milisekunde 3 kwa upande mmoja, la sivyo utajisikia ukipiga nyuma yako mwenyewe na utaanza kuilaumu drams. Mvumo ukiingia, chomoa chaja ya kompyuta na uzime taa ya tyubu kabla ya kununua chochote. Spika za bei kubwa zisubiri. Hedfoni nzuri za kuziba masikio zinatosha mwaka mzima.

Kisha unabonyeza kitufe chekundu, na kwa mara ya kwanza unauona mkono wako wa kushoto. Kwenye skrini kila noti ni mchoro: inaanza kwa mgongo mnene, inapungua, inaisha. Mianzo huwa sawa mapema, mkono wa kulia hujirekebisha haraka. Miisho ndiyo inayosema ukweli. Noti hii imekatwa kwenye pigo, ile imejikokota mpaka imeikanyaga inayofuata, nyingine ina kale kamkia ka uzi wa jirani uliosahauliwa. Sikio lako lilikuwa likikusamehe, kwa kuwa ukipiga akili iko kwenye noti inayokuja. Rekodi haina noti inayokuja. Sijui mwalimu wa bei nafuu kumzidi.

Kishawishi kikubwa ni panya wa kompyuta. Programu hizi zinaweza kuisogeza noti mahali pake, kuikata mkia, kunakili baa nne nzuri zikajaza wimbo mzima. Kwa tangazo la biashara sina ugomvi na jambo hilo. Kwa anayejifunza nalikataa, na ningependa kumpeleka kwenye rekodi za Redio Tanzania Dar es Salaam za enzi za bendi, pale ambapo wote walipiga pamoja kwa mkupuo, na mpiga besi akiteleza dakika ya tano, wapulizaji, waimbaji na wapiga tumba wote wanarudi mwanzo kwa ajili yake. Mtu aliyerekodi chini ya macho hayo alikuwa na mkono wa kushoto. Piga wimbo mzima. Ukikosea, maliza kwanza, kisha rudia wote.

Kazi ya mwisho ni kuuchanganya wimbo, na hapo wengi huharibu kwa kuongeza uzito. Wimbo wako utasikilizwa kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kutoa mitikisiko 41 kwa sekunde hata ukiiomba kwa machozi. Lakini uzi ukitikisika hutoa pia 82, 123, 164 na kuendelea, na sikio la binadamu likizipata hizo hulijaza lenyewe shina lililokosekana, likaamini limesikia besi. Kwa hiyo usipandishe chini. Pandisha kidogo pale kwenye mitikisiko 700 mpaka 1,000, panaposikika kidole kikiuachia uzi, na upunguze gitaa la ridhimu mahali hapo hapo ili wasigombane. Motown walikuwa na spika ndogo kama ya redio ya gari, waliyoitumia kuhakiki nyimbo zao kabla hazijatoka. Wewe unayo mfukoni. Besi ikipotea kwenye simu hata baada ya hayo, acha vitufe, fungua tena ile rekodi, uangalie noti zinaishia wapi.